Kabla Hujacheka, Fungua Jalada

Ndugu wanafunzi wa sheria, ndugu waandishi wa habari za mahakamani, wazee wangu mlioketi safu ya mbele: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie zile kesi za madai ambazo kila baada ya miezi michache huzunguka kwenye simu zetu. Mtu kamshtaki jogoo. Mtu kadai mamilioni ya dola kwa suruali iliyopotea kwa dobi. Bibi kajimwagia kahawa, kalipwa utajiri. Aliyenialika aliniambia, "Wakili, njoo utuchangamshe." Nimekuja, na nimekuja na majalada, kwa sababu katika kazi hii nimeona jinsi kicheko kinavyomzuia mtu mwenye haki yake asifike mahakamani. Linaniuma, na ndilo nitakalolisema leo.

Tuanze na jogoo. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Katika kisiwa cha Oléron, pwani ya magharibi ya Ufaransa, mambo yalikwenda kinyume: watu wa mjini ndio waliomfuata jogoo shambani. Jogoo mwenyewe aliitwa Maurice. Wastaafu wawili wenye nyumba ya mapumziko jirani walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba anawaamsha alfajiri. Shauri lilisikilizwa mjini Rochefort, na tarehe 5 Septemba 2019 mahakama ikayatupa madai yao, ikawaamuru wamlipe mwenye jogoo yuro 1,000.

Tulicheka, nami nilicheka. Lakini tazameni swali lililokuwa mbele ya hakimu. Mtu anapohamia mahali, anaweza kudai mahali pale pabadilike kwa ajili yake? Na mwenyeji, uhuru wake wa kufanya atakalo kwenye uwanja wake unaishia wapi? Nani katika ukumbi huu hana jirani mwenye baa, mwenye mashine ya kusaga, mwenye jenereta, mwenye spika tatu juu ya bati? Sheria ya kero haipimi ukubwa wa sauti peke yake. Inauliza sauti ya nini, saa ngapi, kwa muda gani na mahali gani. Mlio wa kukata vyuma pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, saa nne asubuhi ni riziki ya watu. Mlio huo huo chini ya dirisha la wodi ya wazazi saa nane usiku ni jambo jingine kabisa. Wafaransa walilichukulia jambo hili kwa uzito: mwezi Januari 2021 walipitisha sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa taifa. Maurice hakuiona siku hiyo, alikufa mwaka uliotangulia.

Sasa kahawa. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Mwaka 1992, mjini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Marekani, bibi wa miaka 79 alikuwa kwenye kiti cha abiria, gari likiendeshwa na mjukuu wake. Walinunua kahawa dirishani kwa McDonald's, senti 49. Mjukuu akasimamisha gari ili bibi atie sukari. Gari halikuwa na mahali pa kuweka kikombe, kwa hiyo akakibana katikati ya magoti, akavuta kifuniko, na kahawa yote ikamwagikia mapajani. Alivaa suruali nzito ya pamba, ile ya mazoezi. Ikainyonya kahawa na kuishikilia kwenye ngozi.

Habari tuliyoletewa sisi iliishia hapo, ikarukia moja kwa moja kwenye mamilioni. Jalada lina mengi katikati. Bibi yule aliungua majeraha ya daraja la tatu, yaani moto umepenya unene wote wa ngozi, kwenye asilimia 6 ya mwili wake, mapajani na sehemu za siri. Alilazwa siku 8, akapandikizwa ngozi. Kahawa ile ilikuwa ikitunzwa kwenye nyuzi kati ya 82 na 88 za Selsiasi. Na kampuni ilikuwa imeshapokea malalamiko yapatayo 700 ya watu walioungua katika miaka kumi iliyotangulia.

Wazee wa pwani mnaijua kahawa ya moto. Muuza kahawa anapita na birika lake juu ya makaa, anakumiminia kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, unakishika kwa ncha za vidole, unapuliza, unakunywa funda dogo, unauma kashata. Kila kitu katika desturi ile kinakuonya. Hakuna anayekubebesha kikombe kikubwa kilichozibwa kifuniko chepesi na kukwambia nenda nacho garini.

Kabla ya kwenda mahakamani, bibi yule aliiandikia kampuni akiomba dola 20,000, za matibabu na hasara iliyoambatana nayo. Alijibiwa kwa kupewa ahadi ya dola 800. Naomba mzikumbuke namba hizo mbili, nitazirudia. Mwaka 1994 baraza la raia, yaani watu wa kawaida walioitwa kuamua kesi, lilisikiliza ushahidi wote, likamwona bibi naye ana asilimia 20 ya makosa, likampunguzia fidia kwa kiasi hicho hicho mpaka ikawa dola 160,000. Kisha likaiadhibu kampuni kwa dola milioni 2.7, kiasi kilichokaribia mauzo yake ya kahawa ya siku mbili. Jaji akaikata adhabu hiyo mpaka 480,000. Jumla 640,000. Baadaye pande mbili zikaelewana kwa siri na kesi ikaisha. Yale mamilioni yaliyotangazwa duniani kote, mahakama yenyewe ndiyo iliyoyafuta.

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu ya mteja wangu mmoja, mama lishe wa Temeke. Jina lake ni lake, sitalitaja.

Alifika ofisini Ijumaa jioni, karani ameshafunga daftari. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu atakayeambiwa anyanyuke. Akafungua pindo la khanga kwa mkono wa kushoto, akatoa kipande cha mpira wa gesi cha rangi ya chungwa, urefu wa kiganja. Nilipoupinda, ukafunua mdomo: ufa mwembamba ulioufuata mzunguko wa mpira, karibu na pale ulipokuwa umekazwa kwa kibano cha chuma. Ndani ya ufa palikuwa peusi kwa vumbi na mafuta yaliyoganda. Ufa wa jana hauwi hivyo. Mpira ule aliuziwa kama mpya, na ulikaa jikoni kwake siku mbili tu kabla ya kuvujisha gesi na kulipuka moto. Mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko kushuka, ngozi ilikuwa imevutana na kung'aa, na vidole viwili havikunjiki. Mwiko hakuweza kuushika.

Nikamuuliza ilikuwa lini. Miezi kumi na moja iliyopita.

"Mbona hukuja mapema, mama?"

"Mwanangu, watu walinicheka. Walisema nataka kulishtaki jiko."

Mpwa wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu habari ya bibi wa kahawa, imeandikwa kwa mzaha, imepambwa na picha ya kikombe. Majirani wakampa jina. Mumewe akasema yaishe, tumwachie Mungu. Mwenye duka la gesi akaambiwa, naye akacheka pamoja nao. Kwa hiyo mama akanyamaza miezi kumi na moja, akauza sufuria mbili kubwa kulipia dawa, na kile kipande cha mpira akakifunga kwenye khanga, akakiweka chini ya godoro.

Risiti hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ujumbe wa malipo kwenye simu, wenye tarehe, saa na kiasi. Tulipiga picha mpira, tukaambatanisha cheti cha hospitali na ule ujumbe, tukaandika barua ya madai. Tulidai matibabu, na mtaji wa kuanzia upya. Jibu la kwanza lilikuwa la dharau. Nilipomwandikia muuzaji mara ya pili, nikimweleza kwamba mpira tunao na mtaalamu ataupima mbele ya hakimu, alilipa kabla hati ya madai haijasajiliwa. Mama hakutajirika. Alirudi kwenye meza yake ya wali na maharage, na sasa binti yake ndiye anayesonga ugali. Vidole havijarudi.

Ninyi mnaosoma sheria mnajua kwamba uzembe kama ule unashtakiwa kwa sababu ya konokono. Ngoja niwasimulie walio wengine.

Jumapili jioni, tarehe 26 Agosti 1928, mwanamke aitwaye May Donoghue alikwenda kwenye mgahawa mmoja mjini Paisley, Uskochi. Rafiki yake akamnunulia aiskrimu na soda ya tangawizi, chupa ya kioo cheusi kisichopitisha mwanga. Akanywa kiasi. Rafiki alipomimina iliyobaki, kwa maelezo ya May, kikatoka kitu kama konokono aliyeoza. Akaugua tumbo, akatibiwa hospitali. Atamshtaki nani? Mwenye mgahawa? Hakuwa na mkataba naye, aliyelipa ni rafiki. Mtengenezaji? Siku zile sheria ilisema kiwanda kinawajibika kwa aliyenunua kwake, si kwa kila kinywa kitakachogusa chupa.

Wakili wake, Walter Leechman, alikuwa ametoka tu kushindwa mwezi Machi 1929 kwenye kesi za watu waliodai kukuta panya ndani ya soda ya tangawizi. Panya, halafu konokono! Fikirini alivyochekwa kwenye korido za mahakama. Hazikupita wiki tatu, akasajili shauri la bibi konokono. Lilipopanda mpaka kwenye Baraza la Mabwana mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa wakati ule, mama yule hakuwa na gharama za rufaa. Akaapa kwamba ukiacha nguo alizovaa, mali yake yote duniani haifiki pauni 5, akaruhusiwa kuendesha rufaa kama maskini. Mwezi Mei 1932, kwa kura 3 dhidi ya 2, alishinda. Jaji Atkin akauliza, kisheria, jirani yangu ni nani? Akajibu: ni kila mtu ambaye ninapaswa kumfikiria kwamba tendo langu litamgusa moja kwa moja. Alidai pauni 500. Mtengenezaji akafariki mwaka huo huo, na madai yakamalizwa kwa pauni 200. Kama kweli palikuwa na konokono ndani ya chupa ile, hakuna mahakama iliyowahi kulisikilizia ushahidi.

Kura moja ingegeuka, na wakili mmoja angeogopa kuchekwa, yule mama wa Temeke angekuwa na njia finyu sana. Hukumu ile inasomwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mpaka leo.

Sisemi kila kesi ya ajabu ina haki ndani yake. Ile ya suruali inanikera kama wakili. Mjini Washington, mwaka 2005, mteja wa dobi mmoja alidai suruali yake ya suti imepotea. Wenye duka ni familia iliyohamia kutoka Korea. Walimtafutia, wakampa suruali wanayosema ndiyo, akakataa kwamba si yake. Na mdai mwenyewe alikuwa hakimu wa masuala ya utawala, mtu anayeijua sheria ndani nje. Aliona bango dukani linalomhakikishia mteja ataridhika, akajenga juu ya bango hilo madai ya dola milioni 67, baadaye akayashusha mpaka 54. Familia ilimwahidi dola 3,000, ikapanda 4,600, ikafika 12,000, yote kwa suruali moja. Akakataa. Mwezi Juni 2007 mahakama ikamnyima kila kitu, ikisema hakuna mteja mwenye akili timamu anayelisoma bango lile kama ahadi ya kumtimizia lolote atakalo. Lakini watu wale walikuwa wameshaishi miaka miwili na kesi shingoni, na duka lile baadaye wakalifunga.

Sasa nazirudia namba zangu. Bibi wa kahawa aliomba 20,000 za matibabu, akapewa 800. Mwenye suruali alipewa 12,000, akataka mamilioni. Ndiyo maana nikiletewa kesi yoyote ya kushangaza, huanza na barua ya kwanza. Kabla mahakama haijaingizwa, huyu aliomba nini, na alijibiwa nini? Ndugu waandishi, barua hiyo mara nyingi imeambatanishwa kwenye jalada. Inachukua dakika tano kuisoma. Mngeiuliza barua ile mwaka 1994, mpwa wa yule mama asingekuwa na cha kumwonyesha.

Wala msidhani mambo haya ni ya Wazungu. Mwaka 1988, Muleba mkoani Kagera, mwanamke aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamfungulia shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yabatilishwe, kwa sababu kwa mila ya Kihaya mwanamke hutumia ardhi ya ukoo lakini haiuzi. Mngeipa habari hiyo kichwa gani? Shangazi na mpwa wavutana juu ya migomba? Mahakama ya Mwanzo ikampa mpwa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya, na mwezi Februari 1990 akaamua kwamba mila hiyo inagongana na Katiba, ambayo tangu 1984 ilikuwa na Hati ya Haki za Binadamu. Mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Hiyo ndiyo Ephrahim dhidi ya Pastory. Nimeshawahi kusimama Bukoba na kumwona mama akiitaja hukumu ile mbele ya wazee wa ukoo bila kuwa na wakili, kwa jina moja tu: "ile ya Pastory."

Na Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mama wa nyumbani anadai sehemu ya nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume. Leo tunaliona jambo la kawaida, lakini wakati ule wapo majaji waliokuwa wakisema kupika, kufua na kulea si mchango katika mali, ni wajibu wa mke. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake walisema ni mchango, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu ilionekana mume alishampa fedha akazitumia kwingine. Aliondoka mikono mitupu. Wanawake wangapi wamepata vyumba, viwanja na mashamba kupitia kesi aliyoshindwa yeye, siwezi kuwahesabia, lakini baadhi yao wamepita ofisini kwangu.

Kenya nako, mwaka 1987, watu walijaa mahakamani Nairobi kusikiliza mjane na ukoo wakigombea mwili wa wakili S.M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Siku 154 mochwari. Magazeti yaliuzwa kama maandazi ya moto. Wambui Otieno alitaka kumzika mumewe karibu na nyumbani kwao, Ngong, na akashindwa. Nikisoma ushahidi wake siku hizi, siwezi kuusoma kama burudani. Ni mke anayeulizwa na nchi nzima kama ndoa yake ya zaidi ya miaka ishirini inatosha kumpa kaburi la mume.

Nimalizie na ya kazi, maana naona saa. Madai ya madhara kama ya yule mama yana miaka 3 tu, ya mkataba miaka 6, ya ardhi 12. Aibu ya miezi kumi na moja imekula karibu theluthi moja ya muda wake wa kushtaki. Tunza kitu chenyewe kilichokudhuru, usikioshe, usikitupe, usimrudishie muuzaji "akakikague". Tunza ujumbe wa malipo. Nenda hospitali siku ile ile ili tarehe iandikwe. Andika barua, dai kile ulichopoteza, weka nakala. Mlio upande wa Kenya mna Mahakama ya Madai Madogo, mwisho shilingi milioni 1, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Huku kwetu Mahakama ya Mwanzo iko karibu na watu, na kesi itapigwa kalenda, ndiyo, nenda tena.

Kile kipande cha mpira ninacho hapa. Mama aliniruhusu nije nacho. Nitakipitisha kuanzia safu ya nyuma, mkipinde taratibu, mtauona ufa. Na yule dada mwenye mtandio wa kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja kahawa. Tafadhali apewe kipaza sauti.